Kisu cha baba, plaizi ya mama

KATIKA nyumba moja mjini Morogoro, kisu cha kukunja kilining'inia kwenye mkanda wa suruali ya baba kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kufungua soda.

Kisu chenyewe kilikuwa zawadi. Mjomba wa watoto ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lusaka na kurudi Dar es Salaam, na kila anapopita Morogoro hulala kwa dada yake. Safari moja alikinunua Tunduma, akakileta kikiwa ndani ya kimfuko chake cheusi, akamkabidhi shemeji yake mbele ya watoto wote.

"Shemeji, hiki ni cha mwanaume wa nyumba," alisema.

Watoto wakapiga makofi. Mama yao akatabasamu, akarudi jikoni kuangalia wali.

Kilikuwa na vitu vingi kwa umbo lake. Kulikuwa na kisu, msumeno mdogo, opena, bisibisi mbili, kichuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, na katikati ya vyote plaizi ndogo isiyozidi urefu wa kidole cha shahada. Opena ndiyo iliyopata ajira. Msumeno ulitumika mara moja kwenye tawi la mpera, ukaachwa. Plaizi haikuguswa, isipokuwa siku ile mtoto wa kiume alipoichomoa akambana nayo dada yake sikio, akakemewa, ikafungwa tena.

Mama wa nyumba hiyo ni fundi cherehani. Anatumia cherehani ya miguu aliyorithi kwa mama yake, na imekaa barazani karibu na dirisha ili ipate mwanga. Desemba ndiyo msimu wake wa mavuno, kwa kuwa shule zinafunguliwa Januari na wazazi wengi hukumbuka sare siku za mwisho. Mwaka huo alikuwa amepokea fedha za awali kutoka nyumba kumi na moja kwa ajili ya sketi za bluu, kaptura na mashati meupe. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kununua vitambaa, na kiasi kilichobaki kilikuwa kimenunua madaftari ya watoto wake mwenyewe. Hakukuwa na namna ya kumrudishia mtu chochote.

Jumamosi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, saa kumi na mbili jioni, mkanda wa cherehani ukakatika.

Aliyekulia karibu na cherehani ya miguu anaujua mkanda huo. Ni kamba ya ngozi ya mviringo, nyembamba kama kalamu, inayozunguka gurudumu kubwa la chini na lile dogo la juu. Ncha zake mbili huunganishwa kwa kipande kifupi cha waya mgumu. Waya ukichoka hufunguka, au ngozi huchanika pale waya ulipopita. Dawa yake haina siri: unakata sehemu iliyochanika, unatoboa tundu jipya, unapitisha kipande kipya cha waya, kisha unakibana mpaka ncha zake zilale. Kubana huko ndiko kunakotaka chombo. Vidole haviwezi.

Duka la vifaa lilikuwa limefungwa. Fundi baiskeli wa mtaa alikuwa ameondoka. Mama alijaribu kuugonga waya kwa nyundo juu ya jiwe, ukaruka na kupotelea mchangani. Alichukua mwingine akaubana kwa mkasi, mkasi ukapata pengo. Mwisho akafanya kile alichowahi kuwaona mama yake na bibi yake wakifanya. Akaweka waya kati ya magego, akauma.

Waya haukubana. Kilichokatika ni kipande cha gego, na ncha ya waya ikamchoma ufizi. Tone la damu likadondoka kwenye kola ya shati jeupe la mtoto wa watu.

Baba aliingia saa tatu usiku, akitoka kuangalia mpira. Binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyemsimulia. Baba hakusema neno. Aliinama kwenye cherehani, akachomoa kisu kiunoni, akafungua plaizi, akabana waya mara mbili. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kufungua chupa ya soda.

Mama alikuwa ameshika kitambaa mdomoni, anakitazama kile kiplaizi kama mtu anavyomtazama mpangaji waliyekaa naye nyumba moja mwaka mzima bila kusalimiana.

"Baba watoto," alisema hatimaye, "hicho kitu kuanzia leo kinalala hapa."

"Na mimi nikikihitaji?"

"Kwa kazi gani?"

Baba alifikiri. Akafikiri tena. "Soda," alisema.

Kesho yake ikanunuliwa opena ya soda. Sare zilikamilika Jumapili usiku, shati lenye damu likiwa limelowekwa kwenye maji baridi na chumvi mpaka likatakata. Lile gego lilikwenda kuzibwa mwezi uliofuata, na bei ya kuliziba ilikula faida ya sketi kadhaa.

Ukizunguka mitaani utakuta nyumba nyingi zina plaizi moja tu, nayo iko mdomoni. Kwa meno watu hufungua chupa, hukata uzi, huchuna waya wa redio, huvuta sindano iliyonasa kwenye kitambaa kizito, hufungua fundo la kamba lililokazwa na mvua. Tabaka la juu la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini ugumu wake ni kama wa sahani ya udongo: hauvumilii kubanwa upande mmoja, na kikikatika kipande hakioti kingine. Baada ya meno zinafuata kucha. Na wanaoumia zaidi kwa kazi hizi ni wale wanaoshinda nyumbani, kwa sababu vitu vya nyumbani ndivyo vinavyoharibika kila siku. Baba akiharibikiwa na kitu kazini, kuna fundi mwenye sanduku la vifaa. Mama akikatikiwa na mkanda jioni, kuna meno.

Ndiyo maana plaizi ndogo inastahili kuangaliwa kwa jicho tofauti na visu vinavyoizunguka. Vifaa vingine vyote katika kisu cha namna hiyo vinakata, vinatoboa au vinazungusha. Plaizi peke yake inashika. Mikono yake ni mirefu kuliko taya zake, kwa hiyo nguvu ndogo ya vidole inafika mdomoni ikiwa imeongezeka. Mbele taya ni nyembamba na zina vijimeno, za kushikia kitu ambacho vidole vinene haviwezi kukifikia. Nyuma, karibu kabisa na pini inayoziunganisha, mara nyingi kuna sehemu yenye makali ya kukatia waya. Imewekwa pale kwa kuwa karibu na pini ndipo nguvu inapokuwa kubwa. Springi ndogo katikati huzifungua taya zenyewe kila unapolegeza mkono, ili mkono mmoja utoshe na wa pili ushike kazi.

Ufupi wake una gharama. Nati iliyoshika kutu haitaisikia. Hiyo inataka spana. Anayelazimisha huishia kupinda taya, na taya zikishapinda plaizi imekuwa pambo.

Jambo la kushangaza ni kwamba baadhi ya waliotengeneza visu vya mfukoni walichelewa sana kuipa plaizi nafasi. Kisu maarufu cha wanajeshi wa Uswisi, ambacho karakana ya Karl Elsener ilianza kulipelekea jeshi mwaka 1891, kilikuwa na kisu, kichuma cha kutobolea, opena ya makopo na bisibisi. Askari alitakiwa kufungua kopo la chakula na kufungua bunduki yake aisafishe, basi. Mwaka 1897 kikaja kile cha maofisa, kikaongezewa kisu cha pili kidogo na chombo cha kuzibulia chupa za mvinyo. Ofisa aliweza kunywa mvinyo, lakini hakuweza kuvuta msumari. Kampuni hiyo, ambayo baadaye ilijulikana kama Victorinox, ilipotoa kisu chake kikubwa kiitwacho SwissChamp mwaka 1985, plaizi ilikuwa ndani.

Kisa cha Mmarekani Tim Leatherman kinagusa zaidi mambo ya familia. Mwaka 1975 yeye na mkewe walizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati kwa gari dogo la Fiat lililochoka, wakilala kwenye hoteli za bei nafuu. Gari lilikuwa likiharibika njiani, na mabomba ya hotelini yalikuwa yakivuja. Mfukoni alikuwa na kisu cha kukunja, na kila mara alijikuta akitamani kingekuwa na plaizi. Aliporudi nyumbani kwao Portland, katika jimbo la Oregon, akaamua kutengeneza chake mwenyewe. Alidhani ingekuwa kazi ya mwezi mmoja. Ilichukua miaka, na mkewe ndiye aliyekuwa akifanya kazi ya mshahara huku mume akipinda vyuma gereji. Alipomaliza, kampuni za visu zilimwambia hicho ni kifaa cha fundi. Kampuni za vifaa vya ufundi nazo zikamwambia hiki ni kisu cha mchezo. Mpaka mwaka 1983 ndipo bidhaa yake ya kwanza ikaingia sokoni, plaizi ikiwa ndiyo kiini na visu vikiwa vimekunjwa ndani ya mikono yake. Leo jina la ukoo wake karibu limekuwa jina la kifaa chenyewe. Mama wa Morogoro alipohadithiwa habari hizo na mjomba, aliuliza swali moja tu: "Na huyo mke, alipewa kimoja?"

Tangu usiku ule kisu kimehamia kwenye droo ya cherehani, kikiwa kimefungwa utepe mwekundu ili kisipotee kati ya vifungo na mabobini. Na kadiri siku zilivyokwenda, kazi zake zikaongezeka bila mtu kuzipanga.

Kazi ya kwanza ilikuwa zipu. Zipu nyingi zinazotupwa hazijafa. Meno yake ni mazima. Kilicholegea ni kile kichwa kinachotembea, ambacho kwa kuvutwa mara nyingi kinapanuka, kinapita juu ya meno bila kuyafunga. Unakishika kichwa hicho kwa plaizi upande wake wa nyuma, pale meno yaliyokwisha kufungana yanapotokea. Unafinya kidogo kushoto, kidogo kulia, unajaribu. Ikikataa unafinya tena kidogo. Anayefinya kwa nguvu mara moja anakivunja, maana chuma chake kikilazimishwa kinapasuka. Mama alipoelewa hilo, mabegi ya shule ya mtaa mzima yakaanza kuja kwake, na akaweka bei. Kubadilisha zipu nzima ni kazi ya kufumua na kushona; kubana kichwa ni kazi ya dakika. Wapo mafundi wanaobana na kutoza bei ya kubadilisha. Hilo waulizwe wenyewe.

Ikafuata sindano. Kushona mkanda wa begi zito kwa mkono, pale panapokutana matabaka manne ya turubai, sindano huingia nusu na kukwama. Zamani ilivutwa kwa meno. Sasa inashikwa na plaizi karibu na kitambaa, ikavutwa moja kwa moja bila kuipinda. Sindano hazikatiki tena kama zamani.

Halafu kandambili. Mkanda wa kandambili ukichomoka mbele, kile kitufe cha chini hakirudi kwa kukisukuma kwa kidole. Binti ndiye aliyegundua njia. Anapaka sabuni kidogo kwenye tundu, anaingiza kitufe kwa juu mpaka kianze kuonekana chini, kisha anakikamata kwa plaizi upande wa chini na kukivuta. Kandambili inarudi kazini. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akisema kisu ni cha wanaume, siku hizi hupeleka zake kwa dada yake akiwa amezishika mkononi kwa adabu.

Hapo mama aliweka sheria, na inafaa kuisikiliza. Binti aliruhusiwa kufungua plaizi na bisibisi. Kisu na msumeno vikazungushiwa utepe wa fundi umeme vikiwa vimekunjwa, na utepe huo unatolewa na mtu mzima. Mtoto wa kiume akauliza kwa nini dada yake anaruhusiwa na yeye haruhusiwi. Akajibiwa kwamba atakayejua kuirudisha mahali pake siku saba mfululizo ataruhusiwa. Alishindwa mara mbili. Mara ya tatu alifaulu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta tambi za jiko la mafuta ya taa zilizokuwa zimezama, jiko likiwa limezimwa na kupoa. Tambi zikishikwa kwa vidole hurudi ndani. Zikishikwa kwa plaizi huja zikiwa sawa, moja baada ya nyingine. Alitoka jikoni mikono ikinuka mafuta, anatembea kama fundi mkuu.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwa sababu ya samaki. Baba alileta kambare, na yeye humpenda akiwa amechunwa ngozi. Ngozi ya kambare ina utelezi kiasi kwamba mkono mtupu haupati pa kushika. Unaikata kuzunguka shingo, unashika ukingo wake kwa plaizi, unavuta kuelekea mkiani, inatoka kama soksi. Baba aliifanya kazi hiyo vizuri sana na akasifiwa. Kisha akaifuta plaizi kwa gazeti, akaikunja, akairudisha kwenye droo. Siku mbili baadaye mteja alinusa sketi yake akauliza kama mama ameanza biashara ya samaki.

Kwa hiyo usafi nao ulipata sheria yake. Plaizi ikigusa chakula, ioshwe kabla na baada, kwa maji ya moto na sabuni, ikiwa wazi, na mswaki mkuukuu upite kwenye vijimeno na kwenye pini. Ikaushwe kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya kupikia hayafai hapo. Yanakauka na kuganda, na plaizi inakuwa nzito kama mlango wa stoo. Wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar wakumbuke kwamba hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu, hewa ya chumvi inakimaliza polepole kikiachwa na unyevu.

Kuhusu kununua, mitaani kuna visu vya namna hii vya kila bei, na vingi vinafanana kwa nje. Usikimbilie kuhesabu vifaa. Fungua plaizi, ifumbe, inyanyue uitazame ikiwa imeelekea kwenye mwanga. Ncha za mbele zinatakiwa zikutane kwanza. Ukiona mwanga unapita kwenye ncha, hiyo haitashika kitu chembamba. Kisha omba uzi mmoja wa kushonea, ubane, uvute. Ukiteleza, rudisha. Chezesha taya kushoto na kulia. Zikitikisika kama jino la mtoto wa miaka sita, pini imelegea tangu kiwandani. Chenye vifaa vitano vilivyokaza kina faida kuliko chenye ishirini vinavyocheza. Kile cha mjomba hakikuwa cha bei kubwa, lakini ncha zake zilikutana.

Na kuna mahali plaizi hiyo haitakiwi kwenda kabisa. Umeme ni wa kwanza. Plaizi ya fundi umeme ina mikono iliyovikwa plastiki nene ya kuzuia umeme; hii ya mfukoni ni chuma kitupu kuanzia taya mpaka kiganjani. Kuchomoa pini iliyovunjikia ndani ya soketi kwa plaizi ya namna hiyo ni kujiunganisha na nguzo. Baba wa nyumba hiyo aliwahi kutaka kujaribu, eti swichi ya soketi imezimwa. Mkewe alisimama mbele ya soketi mpaka fundi alipokuja, akazima meinswichi kwanza.

Mahali pa pili pamegharimu ujirani wa muda. Mchana mmoja jirani alikuja mbio, mtoto wake wa miaka mitatu mgongoni, analia. Mtoto alikuwa ameingiza haragwe puani.

"Mama, niazime ile plaizi yako, haraka."

Mama alisimama, akafunga droo. "Hapana, dada yangu. Twende zahanati."

"Linaonekana kabisa! Nalishika mara moja tu."

"Halishikiki. Ukiligusa linaingia ndani."

Jirani alimtazama kana kwamba hamfahamu. Alisema maneno ambayo watu husema wakiwa na hofu, kwamba kuna wenye roho mbaya mpaka kwa mtoto, kwamba zipu za watu zinabanwa ila mwanadamu hasaidiwi. Mama hakujibu. Alichukua khanga, akafunga mlango, akatangulia njiani.

Alikuwa sahihi. Kitu cha mviringo na laini kikibanwa kwa ncha za plaizi huponyoka kwenda mbele, na mbele ya pua ni ndani zaidi, ambako kinaweza kuishia kwenye njia ya hewa. Haragwe lina ubaya wa ziada: likipata unyevu linavimba, kwa hiyo kusubiri mpaka jioni nako hakufai. Kama kilichoingia ni betri ndogo ya saa au sumaku, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu betri huunguza ndani ya pua kwa muda mfupi.

Pale zahanati muuguzi hakutumia chuma chochote. Alimwomba mama mtoto ampakate mwanawe, amzibe kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, aweke mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto uzibe vizuri kama anambusu, kisha apulize pumzi moja fupi ya ghafla. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya pili haragwe likatoka na kamasi, likaangukia kwenye gauni la mama yake. Mtoto akapiga chafya, akaomba maji.

Walirudi kimya. Jirani hakuomba radhi siku ile, wala mama hakuidai. Alikuja wiki iliyofuata, koti la mumewe mkononi, zipu imegoma. Mama aliibana, akaijaribu mara tatu, akalikunja koti.

"Kiasi gani?" jirani aliuliza.

"Ya leo iache."

Jirani akaketi. Chai ikaletwa.

Mwezi uliopita mjomba alipita tena na lori lake. Alifika usiku, watoto wakamwamkia, akaketi barazani kuvua viatu. Macho yake yakamtafuta shemeji yake kiunoni, yasikione kitu.

"Shemeji, kile kisu kiko wapi? Umekiuza?"

Baba alikuna kidevu. "Kimehamishwa kikazi," alisema, akaonyesha droo ya cherehani kwa kichwa.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Alisema Tunduma angeweza kununua mkasi kama angejua. Kisha akakumbuka kwamba zipu ya begi lake la safari imekuwa ikimsumbua tangu Mbeya, na nguo zinamwagika kila anapolishusha. Akaomba hicho kisu chake cha zamani mara moja.

Binti alikitoa kwenye droo, akafungua plaizi tu, akampa akiwa ameishika upande wa kisu uliozungushiwa utepe. Hakuondoka. Alisimama pale pembeni ya mjomba wake, mikono nyuma, anamwangalia anavyobana.

"Mjomba, polepole," alisema. "Upande wa nyuma kwanza. Na ukimaliza unirudishie mkononi."